Majibu ya Mama

Atupele alinipigia simu nikiwa uani kwangu Kirando, kando ya ziwa, nageuza dagaa juani, mikono inanuka hadi viwikoni, nikapokea kwa kidole kidogo na kuibana simu kwa bega. Hatukuwa tumeongea tangu msiba wa kaka yake. Hata salamu hakumaliza. Akasema mama yake amekatwa kipande cha nyama kwenye titi la kushoto, kimepelekwa kupimwa, karatasi imerudi, na bibi kizee amegoma kusomewa na daktari, na mchungaji, na mtoto wake yeyote. "Anakutaka wewe, Skola. Anasema wewe ndiye mtu wa majibu." Nikamwambia nimestaafu. Miaka zaidi ya thelathini nimekaa kwenye chumba cha maabara, nimechungulia damu na makohozi ya watu wa mwambao wote huu, macho yamechoka, sasa naanika dagaa zangu na sitaki kusumbuliwa. "Umestaafu kazi," Atupele akasema, "hujastaafu utu." Mtu akishakuambia hivyo huna pa kutokea. Kisha akashusha sauti, nikajua amesogea mbali na mlango wa chumba cha mgonjwa. "Sasa nisikilize. Karatasi ni mbaya. Tumekaa kikao, watoto na wakwe, tumekubaliana. Ukifika, msomee kwamba hakuna kitu. Mwambie majibu ni mazuri. Ana miaka themanini na mbili, tumwache aende na furaha yake." Nilikata simu, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jirani akaniuliza kutoka upande wa pili wa uzio kama nimefiwa. Nikamjibu bado.

Wanaonijua wanajua kuna neno silitamki. Katika kazi yangu yote sijawahi kumwambia mgonjwa kwamba majibu yake yametoka. Nilisema karatasi yako imerudi, au nilisema njoo ndani tuongee. Vijana niliowafundisha kazi walinicheka, wakanipachika jina la Mama Karatasi, na mimi sikuwaeleza kitu kwa sababu hawakuniuliza kwa adabu. Sasa naeleza. Habari za ukoo wetu, nani kazaliwa na nani na nani kachukua shamba la nani, sitaziandika. Zimeshaongelewa vya kutosha kwenye mabaraza na hazikumsaidia mtu. Nitaandika mwaka mmoja tu, ule niliokuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, naishi Malangali, mtaa wa Sumbawanga, na mama yangu, wawili tu, kwenye nyumba ya vyumba viwili na jiko la nje.

Mama alinificha lile jambo muda mrefu, sijui miezi mingapi. Alikuwa anavaa kanga mbili kifuani, moja juu ya nyingine, nami nikadhani ni baridi, maana kwetu Sumbawanga baridi ni kisingizio cha kila kitu. Niligundua siku aliponyoosha mkono kuchukua ungo juu ya kichanja, akasita katikati, mkono ukabaki hewani, akasema, "Hebu nichukulie, mkono huu umekuwa mvivu." Mama yangu hakuwa na kiungo kivivu mwilini. Nikamwambia afungue kanga. Akakataa, akanigombeza, akaniita mtoto asiye na haya, halafu akakaa kwenye kigoda cha kusongea ugali na kufungua mwenyewe. Titi lilikuwa gumu kama kokwa la parachichi, ngozi imevutwa ndani. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akafunga kanga yake, akasema, "Nikikuambia litapungua?" Tukaendelea kupika. Nakumbuka chakula kilikuwa ugali wa ulezi na maharage, na nakumbuka kwamba yeye alimega mara tatu tu, akasogeza sahani upande wangu na kusema ameshashiba.

Kila Alhamisi mchana alikwenda maombini kwa Mama Atupele. Huyu alikuwa mtu wa Mbeya, mumewe mtumishi wa idara ya kilimo, na nyumba yao ilikuwa na sebule ambayo mimi wakati ule niliiona kama ya waziri: makochi yenye vitambaa vya kufuma migongoni, saa ya ukutani, chupa ya chai yenye maua, sakafu nyekundu inayong'aa kiasi kwamba unavua viatu bila kuambiwa. Walikuwa wanakutana kina mama wa madhehebu yote ya mtaa, na mama yangu alikuwa Mkatoliki peke yake, rozari yake ameikunjia kwenye pindo la kanga ili asimkwaze mtu. Mama Atupele alikuwa na moyo mkubwa, sitamnyima hilo. Ukiumwa, yeye ndiye wa kwanza kufika na uji. Lakini alimwomba Mungu kama mtu anayegonga dirisha la ofisi iliyofungwa kabla ya saa. "Bwana, tunataka majibu. Hatutoki hapa mpaka tupate majibu." Na lile ndilo lilikuwa neno la kikundi. Mtu akipata kazi, amepata majibu. Mtoto akishuka homa, majibu yametoka. Anasimama, anashuhudia, wanapiga vigelegele, chai inamiminwa. Mama yangu hakuweza kuomba hivyo. Yeye alichuchumaa pembeni, akapiga makofi yale ya polepole tunayowasalimia nayo wakubwa, akaongea na Mungu wake kwa Kifipa, chinichini, kama anayeongea na baba mkwe. Mama Atupele alikuwa anamkatiza. "Mama Skola, omba kwa Kiswahili, mwenzetu. Tutaitikiaje amina kwenye kitu tusichokielewa?" Mama anacheka kidogo, anajaribu Kiswahili, maneno yanakuwa machache na makavu, kisha ananyamaza.

Hospitali walimkata kipande cha nyama mwezi wa kumi, kikapelekwa mbali kupimwa, tukaambiwa tusubiri. Tulisubiri mvua zikaanza, tukasubiri mahindi yakatoka ardhini, tukasubiri Noeli ikapita. Mwezi wa kwanza, siku ya Alhamisi, nikatumwa kwenda kuuliza kama nilivyotumwa wiki zote, na safari hiyo daktari akaniita ndani. Alikuwa mtu mpole mwenye kikohozi. Akaniuliza kama kuna mtu mzima nyumbani, nikamwambia mtu mzima ni mimi. Akanieleza taratibu, akaliandika neno lenyewe kwa herufi kubwa ili nilione, akasema bado kuna muda lakini muda huo si wa kuchezea. "Mlete Jumatatu nimwandikie rufaa ya Dar es Salaam. Jumatatu hii, sio ile nyingine." Akakunja karatasi, akanipa. Niliiweka ndani ya blauzi, upande uleule ambao mama alikuwa anaumwa. Sikupanga, ndivyo ilivyotokea. Nje mvua ilikuwa inanyesha ile ya kukata maneno. Nilitembea nayo hadi Malangali, najifunza sentensi njiani, naisema na kuirudia kama mtoto aliyetumwa dukani.

Kosa langu la kwanza ni kwamba sikwenda nyumbani kumsubiri. Nilikwenda palepale kwa Mama Atupele, kwa sababu niliogopa kuwa peke yangu na ile karatasi. Nilivua viatu mlangoni, soksi zinachuruzika. Walikuwa katikati ya maombi, kina mama kumi na wawili hivi, wote wamefumba macho, wanamwombea mama yangu ambaye amepigishwa magoti katikati ya zulia. Mama Atupele akafumbua jicho, akaniona. "Skola, vipi? Umetoka hospitali?" Kwa Kifipa ningesema tu nimetoka kwa daktari, mama, twende nyumbani. Lakini ile ilikuwa nyumba ya Kiswahili, na midomo yangu ilikuwa inatetemeka kwa baridi, nikasema sentensi niliyojifunza njiani, nusu yake ya kwanza. Nikasema, "Majibu ya mama yametoka."

Sikufika kwenye nusu ya pili. Mama Atupele aliinua mikono, akapiga kelele moja ambayo mpaka leo naisikia, na sebule nzima ikasimama. Vigelegele, wimbo, mtu anapiga meza, mtu ananikumbatia na maji yangu yote. Nilifungua mdomo mara mbili, nakumbuka vizuri, mara mbili, na mara zote mbili mtu akanibusu. Wakamwinua mama kutoka kwenye zulia. Akasimama kati yao, mdogo kuliko wote, akanitazama kwa juu ya mabega yao. Alikuwa anauliza. Macho yake yalikuwa yananiuliza waziwazi, nami nilikuwa na karatasi kifuani inanichoma, na kitu nilichofanya ni kutabasamu. Sina maelezo mengine. Ningeweza kusema nilikuwa mtoto, lakini nilikuwa nimetoka kumwambia daktari kwamba mtu mzima ni mimi. Mama akatabasamu naye. Wakamwambia ashuhudie, akashuhudia kwa Kiswahili, maneno yaleyale ya kwao, kwamba amepokea, kwamba Bwana amejibu. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyevaa gauni la kuazima. Kisha chai ikamiminwa na nikapewa kikombe cha wageni.

Jioni ile alikula. Ningependa kuandika kwamba nilinyamaza kwa woga tu, lakini ukweli ni kwamba alikula sahani nzima, akaomba dagaa waliokuwa wamebaki, akalamba vidole, akanitania kwamba upishi wangu utamfukuza mume. Sikuwa nimemwona akila hivyo kwa nusu mwaka. Nikasema kesho nitamwambia. Kesho yake akaamka anaimba, anafagia uwanja kwa mkono mmoja, nikasema keshokutwa. Jumatatu ya daktari ikafika. Nilikaa kitandani nikaitazama ikipita, saa mbili, saa nne, saa sita, nje mama anapepeta ulezi na kuongea na kuku. Jumatatu nyingine nayo ikapita. Karatasi niliificha kwenye sanduku langu la bati la shule, chini ya sare. Na kila Alhamisi sebule ya Mama Atupele ilijaa zaidi, watu wanatoka mitaa mingine kumwona mwanamke aliyeponywa, wanamgusa bega, naye anasema yaleyale. Nami nilikuwa naomba, jamani. Usiku na mchana nilikuwa naomba Mungu alifanye lile neno langu kuwa kweli, ili nisiwe mwongo na mama yangu asife. Nilimpa Mungu nafasi nzuri sana ya kujionyesha. Mpaka leo namlaumu kwamba hakuichukua.

Nyasi zilipokuwa ndefu mama akasema twende tukalime ntumba. Wasio wa Ufipa hawajui kazi hiyo: unafyeka nyasi, unazirundika, unazifunika kwa udongo mpaka shamba linakuwa vilima vya duara vya kufika gotini, nyasi zinaozea humo ndani, juu unapanda maharage, na msimu unaofuata unavisambaza vile vilima na kupanda ulezi. Ni kazi ya kuvunja mgongo hata kwa mzima. Nikamwambia apumzike mwaka huu. "Aliyepona anapumzika nini?" akaniuliza, akanitazama kidogo zaidi ya ilivyostahili. Akashika jembe kwa mkono wa kulia, kidole gumba cha kushoto kikisaidia tu kwenye mpini. Tulilima wiki tatu. Alikuwa anapiga jembe mara tano anasimama, mara nne anasimama, anajifanya anaangalia mawingu. Kanga zake za kifuani zilikuwa tatu sasa. Wiki ya tatu nikaanza kusikia harufu. Niliijua kabla sijaijua, kama unavyojua nyama imeharibika kabla hujainua mfuniko.

Nilimwambia mchana mmoja tukiwa tumekaa kati ya ntumba mbili tunakula viazi baridi. Nilimwambia kwa Kifipa. Nikasema mama, ile siku karatasi ilikuwa mbaya, iko nyumbani kwenye sanduku, nilidanganya. Nilitegemea anipige. Aliendelea kumenya kiazi. Akakimenya chote, akakata nusu, akanipa. "Nilijua," akasema. "Mtoto mwenye habari njema haanzi kuvua viatu." Nikamuuliza, sasa kwa nini mama, kwa nini hukusema, kwa nini tumekaa wiki saba. Akasema, "Ulitabasamu. Nikajua mtoto wangu ameamini kwamba Mungu atalipindua lile neno la daktari. Nikasema, nikienda hospitali nitamvunja imani. Mimi nilikuwa naamini kwa ajili yako, Skola." Nikamwambia mimi nilikuwa nanyamaza kwa ajili yake. Tulikaa pale, viazi mkononi, watu wawili wanaopendana, tumedanganyana mpaka titi limepasuka. Sijawahi kulia vile tena. Hata alipokufa sikulia vile.

Tulikwenda Dar es Salaam mwezi wa nne. Safari yenyewe sitaisimulia. Nakumbuka ukanda mrefu wenye mabenchi ya mbao, wanawake wamekaa mstari mmoja kila mmoja na kanga yake kifuani, wameshindwa hata kusemezana. Daktari wa pale alikuwa mwanamke mwenye miwani. Alimfungua mama bandeji, akafunga tena taratibu, akamwambia atoke apate hewa. Kisha akaichukua ile karatasi yangu, ilikuwa imeanza kuchanika kwenye mikunjo, akaigeuza, akatazama tarehe. Akaniuliza bila ukali wowote, "Hii karatasi ilikuwa wapi?" Nimeulizwa maswali mengi maishani, na polisi wameniuliza, na mapadri. Hakuna swali lingine ninalolisikia ninapoamka. Akaandika dawa za maumivu, akasema mionzi haitasaidia sasa, akasema mrudishe nyumbani, mpikie anachopenda. Mama nilimkuta nje amekaa juani, amejifunika hadi kichwani katika joto lile, anatazama watu wa Pwani wanavyopita. "Wamekataa?" akauliza. Nikasema wamekataa. "Sawa. Twende, maharage yatakuwa yamekomaa."

Alilala chumba cha nyuma karibu miezi mitatu. Nilimwosha donda kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, nikachoma majani ya mkaratusi kwenye kigae ili wageni waweze kukaa, lakini wageni walipungua. Kikundi cha Alhamisi kilikuja mara mbili. Mara ya pili niliwasikia uani wakati nachota maji, hawakujua nipo nyuma ya tangi. Mmoja aliuliza imekuwaje, si alikuwa ameshapona? Mama Atupele akajibu kwa huzuni ya kweli kabisa, "Alipokea, lakini hakuushika uponyaji wake. Alirudi hospitali. Mashaka yalimwingia." Nilikuwa na ndoo mkononi. Ningetoka pale nikasema neno moja, mama yangu angekuwa mgonjwa tu, asingekuwa mkosaji. Sikutoka. Siku zile za mwisho mama hakuongea Kiswahili tena, hata na wao. Alikuwa anapiga makofi yake ya polepole kwa mkono mmoja juu ya paja na kuongea na Mungu chinichini. Nilisogeza sikio. Hakuwa anaomba kupona. Alikuwa anamweleza habari za shamba, ntumba zipo ngapi, ipi imeota vizuri, na kwamba mtoto hajui kuvisambaza vile vilima vizuri, kwa hiyo amwonyeshe. Alikufa mwezi wa saba, mchana, upepo wa baridi unapiga bati. Kaburini Mama Atupele alipewa nafasi ya kusema neno na akasema lilelile, kwamba dada yetu alipokea na akatilia mashaka, tujifunze. Niliangalia udongo. Msibani watu walilishwa maharage ya zile ntumba, na wakasifu sana kwamba yanaiva upesi.

Tangu hapo sikuacha kanisa, niliacha kuongea. Nimesimama kwenye misa miaka yote hii mdomo umefungwa, wenzangu wanasali, mimi natazama migongo ya watu. Nilisomea maabara kwa sababu nilitaka kukaa upande wa pili wa ile karatasi, mahali ambapo neno ni neno. Ndivyo nilivyojidanganya, na niliifanya kazi vizuri.

Basi nikapanda kutoka ziwani na mfuko wa dagaa, nikafika Malangali saa sita mchana. Sebule imewekwa vigae, zulia hakuna, lakini vitambaa vya kufuma vipo vilevile kwenye makochi. Nilivua viatu. Atupele akanishika mkono mlangoni, akaniminya vidole kunikumbusha kikao chao. Mama Atupele wamemtandikia kitanda hapohapo sebuleni ili aone watu wanaopita. Amekuwa mdogo, mabega yamekwisha, macho yana ukungu. "Shikamoo Mama." "Marahaba mwanangu. Unanuka ziwa." "Nimetoka kwenye dagaa." "Umeniletea?" "Nimekuletea." "Afadhali. Hawa wananilisha supu kama mzazi." Akatoa bahasha chini ya mto, akanipa, akafunga macho. Nilisoma. Ilikuwa mistari mitatu, na wa tatu ndio mbaya zaidi. Atupele amesimama na chupa ya chai, ananitazama kwa macho yanayoomba. "Haya," Mama Atupele akasema, "majibu yametoka?"

Nikavuta kigoda nikakaa karibu na uso wake. Nikasema, "Mama, karatasi inasema ni kansa. Imeshatoka kwenye titi imefika kwapani, na kwenye mifupa." Atupele aliweka chupa chini, akatoka nje bila kufunga mlango. Mama Atupele alifumbua macho, akanitafuta usoni. Kisha akauliza, "Walikutuma uniambie sina?" "Ndiyo." "Kwa nini hukusema hivyo?" Nikamwambia kwa sababu nilishasema hivyo mara moja, ndani ya sebule hiihii. Nikamweleza yote, mvua, blauzi, nusu ya sentensi, sanduku la bati, kiazi. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema polepole, "Kwa hiyo hakutilia mashaka." "Hakukuwa na kitu cha kutilia mashaka, Mama. Hakuwahi kupona." "Na mimi nilisema kaburini." "Ulisema." "Mbele ya watu." "Mbele ya watu wote." Sikumpunguzia. "Nimemsimulia kwenye semina za kanisa miaka yote hii," akasema. "Kama mfano. Hata jina nilikuwa nalitaja." Nikamwambia najua, nilikuwa nasikia. "Na ulinyamaza." "Nilinyamaza." Machozi yakamtoka yakaingia masikioni, hakuwa na nguvu ya kuyafuta, nami sikumfuta upesi. "Basi tumemuua, mimi na wewe." Miaka yangu yote ya kazi ikanijibia. "Kansa ndiyo iliyomuua. Sisi tulimwacha peke yake nayo." 

Alilia mpaka akachoka. Nje Atupele alikuwa anaongea na simu, nadhani anawaambia kaka zake nimeharibu. Mama Atupele akatafuta mkono wangu juu ya blanketi, akaupata. "Na mimi mtaniacha peke yangu nayo?" Nikamwambia sitaondoka. Sikuwa nimepanga kusema hivyo, dagaa zangu nilikuwa nimeziacha kwa jirani kwa siku mbili tu. "Basi niombee," akasema. Nikamwambia sijaomba kwa sauti tangu mwaka ule, sijui hata pa kuanzia, na kwamba sina uhakika kama tunasemezana, mimi na Yeye. "Niombee hivyohivyo. Ila usiombe majibu. Majibu tumeshasoma."

Nikashuka kwenye kigoda, nikachuchumaa kwenye vigae vyake vya baridi, magoti yakalia. Nikapiga makofi ya polepole, mara tatu, kama tunavyosalimia wakubwa. Maneno yalikuja kwa Kifipa, kwa sababu kwa Kiswahili sina. Nilimtajia Mungu jina la Mama Atupele la kuzaliwa, nikamwambia huyu ni nani na alipika uji wa wagonjwa wangapi, nikamwambia na alilolikosea, na langu nililolikosea, nikamwambia ana maumivu kwenye mifupa na anapenda dagaa. Halafu nikaishiwa. Miaka hamsini na zaidi amekaa Ufipa, mtu wa Mbeya, na hakuwahi kujifunza lugha yetu.

"Sijaelewa neno hata moja," akasema.

Kisha akasema amina.